Ugali wa muhogo safi, mgebuka safi, ila ukiuliza dini ya muuaji unazimiwa TV

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyokata haihusu chakula, ntafika huko.

Jina la mgahawa siandiki, mama mwenyewe hapendi mambo ya mitandao, ila watu wa Mwanga hapa Kigoma mkisoma kidogo tu mtaujua. Tuanze na msosi maana ndo kilichonipeleka. Ugali wa muhogo unakuja wa moto, unavutika vizuri, hauna mabuje wala ile harufu ya muhogo uliolowekwa ukasahauliwa. Mgebuka, yule samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, wanauunga na mawese na hapa ndo wanawapiga bao wengi, mawese yao mapya, hayakwaruzi koo, maana kuna sehemu hapa mjini unakula mgebuka halafu mpaka jioni unakohoa tu. Pilipili ya kusaga inakaa mezani kwenye kichupa, chota mwenyewe. Sahani elfu nne, ukitaka samaki mkubwa elfu tano. Na kitu kimoja nampa mama heshima, ziwa likifungwa ile miezi mitatu watu wasivue anakwambia kabisa "baba leo samaki wa kwenye friji, utakula au nikupe maharage?", hakupigi changa la macho.

Wateja ni mchanganyiko wa kila aina. Wabeba mizigo wa Kibirizi, walimu, Wakongo na Warundi wanaosubiri boti, wazee wa Ujiji na kanzu zao wametoka swala ya adhuhuri, masista nimewaona, na kitimoto hapaguswi kabisa kwa hiyo hakuna anayeangalia sufuria kwa wasiwasi.

Sasa TV. Ipo kubwa ukutani, na chini yake kwenye karatasi ileile ya bei, chini kabisa baada ya "chai ya rangi 500", kuna maandishi ya maka pen: MPIRA RUKSA. SIASA KWA ADABU. DINI YA MHALIFU HAIJADILIWI HAPA. Wageni wanapiga picha wanacheka. Mi pia nilicheka, nikajua ni mapambo kama yale ya "leo fedha kesho mkopo". Kumbe mama yuko siriazi.

Ilikuwa mchana, taarifa ya habari, jamaa mkoa mwingine kaua mke wake. Msomaji kataja jina la mtuhumiwa, na nyie mnajua kwetu jina likishatajwa huna haja ya kuuliza mtu anasali wapi. Kijana mmoja wa boda akadakia mdomo umejaa, "si mmesikia jina? hao ndo zao hao". Meza ya pembeni mzee mmoja akaacha tonge hewani. Mama hakusema kitu, rimoti anaiweka ndani ya fundo la kanga yake, akaitoa, pyuu, skrini nyeusi. "Malizeni kula." Sasa kasheshe ni kwamba Simba walikuwa wanacheza baada ya habari, watu wameshaagiza na soda za kusindikizia mechi, yule dogo wa boda alisemwa na nyumba nzima mpaka akalipa akaondoka na chapati mkononi. TV ilirudi dakika ya kumi na kitu tumeshafungwa goli.

Nilipoenda kulipa nikamuuliza, mama hii sheria imetoka wapi? Akiwa anahesabu chenji akanijibu, "Mume wangu Mwislamu, mi nimebatizwa Kasulu, mdogo wangu mlokole. Kila muuaji akitajwa hapa mkaanza hao ndo zao, mimi siku hiyo nimetukaniwa mtu wa nyumbani. Na nimelipia king'amuzi mwenyewe." Basi hapo huna la kujibu, hasa hiyo ya king'amuzi.

Kiukweli kwa kesi kama ile ya mke na mume namuunga mkono mia kwa mia. Mtu kaua mke wake kwa wivu au ulevi au ukatili wake tu, dini yake inaongeza nini? Tena sisi wenyewe tuna double standadi mbaya. Tabora huko na Shinyanga vikongwe wamekatwa mapanga miaka na miaka kisa macho mekundu, macho yenyewe yameharibika kwa moshi wa kuni, na wanaokata hawajashuka kutoka mwezini, wengine Ijumaa au Jumapili wanaenda kusali kama wewe na mimi. Umeshasikia mtu anauliza walikuwa wa dhehebu gani? Hata siku moja. Tunasema imani za kishirikina basi yameisha, maana tukiuliza tutajikuta tunaongelea watu wetu. Swali la dini linakuja haraka pale tu ambapo tuna uhakika jibu halitatuangukia sisi.

Siku nyingine kulikuwa na mzee mmoja mstaafu wa mahakama, anakunywa uji pale karibu kila asubuhi, akasema kitu nikakipenda. Kwamba ukienda polisi kutoa maelezo wanakuandika jina, umri, kabila, dini, kazi, na mahakamani shahidi anaulizwa dini yake ili wajue anaapa vipi, Mkristo anashika Biblia, Mwislamu Qurani. Kwa hiyo dini kwenye faili imo toka ukurasa wa kwanza. "Lakini ikishamaliza kazi ya kiapo," mzee akasema, "upande wa mashtaka bado wanatakiwa walete panga, mashahidi, na daktari." Nikamwambia babu, na serikali nayo, sensa haijauliza dini toka 1967, na mwaka 2012 si mnakumbuka ile vuta nikuvute, kuna waliosusia kuhesabiwa kwa ajili ya hilohilo. Akacheka tu, akaagiza kitumbua.

Haya, nyota iliyokatwa. Mama sheria yake haichagui. Kulikuwa na habari ya Kenya, ile kesi ya Shakahola, mchungaji anayeshtakiwa kwamba aliwaambia waumini wafunge mpaka wafe wakakutane na Yesu, mwaka 2023 wakaanza kufukua na maiti zikapita mia nne, na watoto wengi tu ndani yake. Watu wakaanza kuongea, tena kwa adabu kabisa, mwalimu mmoja alikuwa anauliza tu je kanisa linasajiliwaje, nani anakagua mahubiri. Pyuu. Skrini nyeusi. Mama weee! Hapo nikabisha. Maana hiyo kesi ukiitoa dini habari yote inageuka uji, hao watu wameenda msituni kufanya nini? Wamelala njaa kwa nini? Kama mashtaka yenyewe yanasema mahubiri ndo yaliyoua, utajadilije bila kutaja mahubiri?

Nikampa na mfano wa jirani zetu kabisa. Rwanda 1994, mauaji ya kimbari, wakimbizi wake Tanzania tuliwapokea. Kuna padri, Athanase Seromba, parokia ya Nyange, watu walikimbilia kanisani kwake na kanisa likabomolewa kwa buldoza wakiwa ndani. Kesi ilisikilizwa hapahapa Tanzania, Arusha, akapewa miaka 15, kwenye rufaa mwaka 2008 wakampa kifungo cha maisha. Sasa ukiandika "mwanaume mmoja" ukaficha kwamba ni padri umeficha kwa nini wale watu walimwamini, na hiyo ndo kesi yenyewe. Kutaja sio kutukana Wakatoliki, waliokufa mle ndani si ndo waumini wake mwenyewe.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho, anachambua dagaa huku, halafu akasema, "Wewe ukishasema padri, wa pembeni yako atasema mapadri. Mimi siwezi kukaa hapa kusahihisha wingi na umoja, nina sufuria jikoni." Duh. Sikubaliani naye lakini ile sentensi nimetembea nayo mpaka nyumbani.

Mi nnachoona, kipimo ni kidogo tu. Muuaji mwenyewe aliitumia dini kwenye kazi yake au sisi ndo tunamvalisha? Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi wa chuo waliulizwa dini kabla ya kupigwa risasi, walikufa watu 148, al-Shabaab wenyewe ndo waliileta dini pale, huwezi kusimulia bila kuitaja. Ila kama unaitaja basi simulia na Desemba ya mwaka huohuo, basi la kwenda Mandera, haohao al-Shabaab wakalisimamisha wakaamuru abiria wajitenge kwa dini, Waislamu wakagoma, kina mama wakawavisha Wakristo hijabu zao, na mwalimu Mwislamu, Salah Farah, akapigwa risasi akafa Januari 2016. Nilimsimulia yule dogo wa boda hii (alirudi, ugali ule huwezi kuususa), alikuwa hajawahi kuisikia hata kidogo. Garissa anaijua vizuri. Hapo ndo shida ilipo, tunabeba dini ya muuaji tu, ya waliokataa kutenganishwa tunaiacha kwenye basi.

Na kuna kesi za katikati ambazo kipimo changu kinayumba, nakiri kabisa. Yule Hamza wa Dar, aliyefyatua risasi Agosti 2021 karibu na ubalozi wa Ufaransa, askari watatu na mlinzi mmoja wakafa. Polisi wakaja kusema ni ugaidi, mtaani kila mtu akashika kipande chake, huyu dini, huyu kadi ya chama, huyu biashara. Kesi kama hiyo afadhali mama azime tu tule, angalau mpaka aliyechunguza aseme kachunguza nini.

Basi, kwa anayetaka kwenda. Fika kabla ya saa saba mchana, baada ya hapo mgebuka wa elfu nne unakuwa umeisha unabaki wa elfu tano tu. Huduma ya haraka, mabinti wawili wachangamfu, maji ya kunawa ya vuguvugu na sabuni ipo, sio ile ya kuongezwa maji mpaka inakuwa kama maziwa. Choo kipo nyuma, funguo unaomba. Malipo kwa simu wanapokea ila ya kutolea unaongeza mwenyewe. Dagaa wa kukaanga wapunguze chumvi. Siku za mechi kubwa kaeni mbali na taarifa ya habari, yaani kama kuna mtu mezani kwenu mdomo wake haumsikilizi mwelekezeni ile karatasi mapema, mama hana kadi ya njano.