Benz ya dereva wa teksi: miaka minane na 250 D ya mwaka 1990

Mwaka 2016 nilinunua Mercedes-Benz 250 D kwa mzee mmoja wa hapa Mombasa, aliyerejea nayo kutoka Uingereza katikati ya miaka ya 1990 baada ya kufanya kazi huko kwa muda mrefu. Gari lenyewe ni la mwaka 1990, rangi ya buluu iliyokoza, gia tano za mkono, injini ya dizeli ya silinda 5, na mita yake husoma maili kwa kuwa lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Uingereza. Siku niliyolichukua mita ilisoma maili 168,000, na nilipoacha kuliendesha kila siku baada ya miaka minane ilikuwa imepita 231,000. Nimetembea nalo, basi, takriban kilomita 100,000, na nadhani sasa nina haki ya kusema neno kuhusu sifa ya kampuni iliyoliunda.

Jirani yangu alipoliona kwa mara ya kwanza limeegeshwa nje alinipa mkono wa pongezi, kana kwamba nimepandishwa cheo. Sikushangaa. Baada ya uhuru, hapa Kenya na kwa ndugu zetu wa Tanzania, watu walianza kuwaita viongozi na matajiri wapya Wabenzi, yaani waliliingiza jina la gari katika ngeli ya watu mithili ya kabila jipya lililozuka mjini. Ni neno kali, na lilibeba uchungu wa wengi waliotarajia matunda ya uhuru wakaishia kuona vumbi la msafara. Hata hivyo limetuachia mazoea ya kuitazama nyota ile ya ncha tatu kama alama ya mkubwa, na mazoea hayo ndiyo yanayowafanya watu wengi wanunue Benz mbovu kwa bei kubwa, kisha wazilaani.

Huko Ujerumani mambo yalikuwa tofauti. Gari kama langu, lenye injini hii hii ya dizeli, kwa miongo mingi lilikuwa ndiyo teksi ya kawaida. Lilipakwa rangi ya pembe ya ndovu, likasimama stesheni usiku kucha likingoja abiria, na mwenye kulinunua hakuwa akitafuta heshima, alikuwa akipiga hesabu ya mafuta, spea na miaka. Mgiriki mmoja, dereva wa teksi aitwaye Gregorios Sachinidis, alitembea kilomita milioni 4.6 na Mercedes 240 D ya mwaka 1976, na mwaka 2004 gari hilo likachukuliwa na makumbusho ya kampuni hiyo. Kwa maoni yangu sifa ya kweli ya Mercedes-Benz ilijengwa na watu wa namna hiyo, na anayetaka kununua gari kuukuu la kampuni hii anapaswa kulikagua kwa jicho la dereva wa teksi.

Kampuni yenyewe ina mizizi miwili. Karl Benz wa Mannheim alipeleka ombi la hataza ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886, na mwaka huo huo Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini yao katika gari la farasi huko Cannstatt, karibu na Stuttgart. Viwanda hivyo viwili vilishindana kwa muda mrefu hadi vilipoungana mwaka 1926. Jina Mercedes lilikuwa la binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyekuwa akiuza magari ya Daimler kwa matajiri wa Nice, kusini mwa Ufaransa.

Ila kisa ninachokipenda zaidi ni cha Bertha, mke wa Karl Benz. Agosti 1888, bila kumuaga mumewe, aliwachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, akaliendesha gari lile kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100 katika njia zilizochimbwa na magurudumu ya mikokoteni. Mafuta yalipopungua aliyanunua katika duka la dawa mjini Wiesloch, kwa maana hakukuwa na kituo cha mafuta popote duniani. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka akauzungushia ukanda wa soksi. Breki zilipolika akamwendea fundi wa viatu azivalishe ngozi. Vilimani wanawe walishuka wakasukuma, na aliporudi alimweleza mumewe kwamba gari linahitaji gia ya kupandia, naye akaiongeza. Nikikumbuka kisa hicho huwa naona kwamba safari ya kwanza ndefu ya gari duniani ilifanywa kama tunavyosafiri sisi hapa, kwa matengenezo ya njiani na msaada wa mafundi ambao kazi yao haikuwa magari.

Sitaki kuiruka sehemu chungu ya historia hiyo. Wakati wa utawala wa Hitler kampuni hii ilitengenezea jeshi injini na magari, na kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya watu waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vyake walikuwa wafanyakazi wa kulazimishwa, mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe imelikiri jambo hilo na kuruhusu lichunguzwe. Mtu anayesifu ubora wa chuma cha Kijerumani na asitaje hayo anasimulia nusu ya habari.

Sasa niliseme gari langu. Ni la ukoo ambao mafundi wote huuita W124, uliotoka mwishoni mwa mwaka 1984 na kuendelea hadi katikati ya miaka ya 1990, yakaundwa magari zaidi ya milioni 2.5. Ukitaka kujua liliundwa na watu wa aina gani, anza na boneti. Magari mengi boneti hufunguka kiasi cha kuingiza kichwa na mabega. Hili lina kitasa kidogo penye bawaba ambacho ukikibana boneti huinuka mpaka ikasimama wima kabisa, ikielekea mbinguni, na fundi akapata mwanga na nafasi pande zote. Aliyebuni hilo alikuwa akimfikiria mtu atakayeitengeneza injini miaka 30 baadaye. Wipa ni moja tu, lakini inapopita kiooni haizunguki kama mshale wa saa: huchomoza kuelekea pembe za juu na kurudi ndani katikati, hata ikafuta asilimia 86 ya kioo. Mvua ya masika ya Mombasa naijua, na wipa hiyo moja imenitosha. Chini, kila gurudumu la nyuma limeshikwa na vyuma vitano vyenye mipira yake, mpangilio ambao kampuni iliuanzisha mwaka 1982 katika modeli ndogo ya 190, na kwa sababu hiyo gari hutulia katika kona mbovu kwa namna ambayo abiria huiona hata kama hajui sababu yake.

Kwenye dashibodi kuna mshale wa shinikizo la oili, kipimo kutoka 0 hadi 3. Injini ikiwa ya moto na gari limesimama, mshale hushuka. Ukikanyaga mafuta hupanda hadi 3 ukakwama hapo. Mshale huo nimeutazama mara nyingi kuliko mita ya mwendo, kwa kuwa ndio unaokueleza afya ya injini kabla ya fundi yeyote. Injini haina ukanda wa kuzungusha vali unaokatika ghafla, ina cheni, na ukiibadilishia oili kwa wakati, karibu lita 7 kila mara, haina makuu. Mimi nilibadilisha kila kilomita 5,000.

Mwendo si wa kujivunia. Nguvu zake hazifiki za farasi 100, na kwenye kilima cha Mazeras, gari likiwa na watu watano na mizigo ya sikukuu, utakaa nyuma ya lori la makontena ukiwa na subira. Kutoka Mombasa hadi Nairobi nilihesabu saa nane pamoja na mapumziko ya Mtito Andei. Lakini nilikuwa nikishuka mgongo hauniumi, na lita moja ya dizeli ilinipeleka kilomita 13, na kwa tangi la lita 70 ningeweza kwenda Nairobi na kukaribia kabisa kurudi bila kusimama kituoni.

Usiku mmoja wa mwaka 2019 lilinipa somo. Mchana wake nilikuwa nimelipeleka kwa fundi fulani wa mtaani kushughulikia kufuli za milango ambazo zilikuwa zikisita. Nilipofika nyumbani nikazima, nikachomoa ufunguo, na injini ikaendelea kunguruma. Nikarudisha ufunguo, nikazima tena, haikusikia. Nilikaa nimeushika ufunguo mkononi, gari linatetemeka taratibu, nisijue la kufanya. Nikampigia simu yule mzee aliyeniuzia. Akaniambia kwa utulivu, “Usibabaike, mwanangu. Fungua boneti, tazama ubavuni mwa injini, kuna kikono kidogo kimeandikwa STOP. Kibonyeze.” Nikakibonyeza, injini ikanyamaza. Kesho yake alikuja mwenyewe, akanieleza kwamba dizeli hii haizimwi kwa umeme, huzimwa kwa mvuto wa hewa unaopita katika vijibomba vyembamba, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayofunga na kufungua milango. Fundi alikuwa amechomoa kijibomba kimoja na kukirudisha kikiwa kimelegea. Kazi ya kukibana haikuzidi dakika moja, lakini nilijifunza kutomwachia gari mtu asiyejua limepangwaje, na tangu siku hiyo nilitafuta fundi wa dizeli mwenye umri, nikadumu naye.

Hasara nyingine niliyopata ilitoka dukani. Niliuziwa boljointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu, iliyowekwa kwenye boksi lenye nyota, kwa bei ya kuridhisha, ikaanza kugonga kabla ya miezi minne kwisha. Baadaye nilijua kukagua: spea halali ina namba inayoanza na herufi A, na namba hiyo inapaswa kulingana na ile ya orodha ya spea za gari. Zinapatikana hata leo, kwa sababu kampuni ina kitengo maalumu cha magari ya zamani huko Fellbach, karibu na Stuttgart, lakini bei yake hutaka mtu ajipange mapema. Nilizoea kuagiza kabla kitu hakijafa.

Watu huniuliza kama ningependekeza Benz yoyote ya zamani. La, si yoyote. Sifa ya kampuni hii imepanda na kushuka. Ilistahili heshima kwa kazi ya Béla Barényi, mhandisi aliyebuni mwili wa gari unaokunjika mbele na nyuma ili sehemu ya abiria ibaki salama, na kwa breki zisizokwama, ABS, ilizozileta sokoni mwaka 1978 pamoja na Bosch. Kisha yakaja magari ya mwanzo wa miaka ya 1990 ambayo ngozi ya nyaya za injini hukauka na kupasuka. Hata baadhi ya W124 za miaka ya mwisho, hasa za petroli, zimo katika kundi hilo, hivyo ukikuta ya mwaka 1993 au 1994 uliza kwanza kama nyaya zilibadilishwa. Oktoba 1997 modeli ndogo ya A-Class ilipinduka nchini Uswidi katika jaribio la kukwepa ghafla kizuizi barabarani, na kampuni ikalazimika kuifungia mfumo wa ESP wa kudhibiti utelezi. Mwaka uliofuata iliungana na Chrysler ya Marekani, ndoa iliyovunjika mwaka 2007, na magari mengi ya kipindi hicho yanajulikana kwa kutu. Mwaka 2020 ilikubali kuilipa serikali ya Marekani takriban dola bilioni 1.5 kumaliza kesi ya moshi wa magari yake ya dizeli. Mimi niliyeishi na dizeli yao kwa miaka yote hiyo habari hiyo iliniuma, kwa sababu jina waliloliweka rehani lilikuwa limejengwa na injini kama yangu.

Kwa hiyo anayenunua asinunue nyota, anunue gari moja mahususi lenye kumbukumbu zake. Langu lilikuja na bahasha nzito ya risiti tangu mwaka 1990, kila oili iliyobadilishwa imeandikwa tarehe na maili, na bahasha hiyo ndiyo niliyoilipia. Tazama chini ya mikeka ya miguu na pale jeki inapoingia, maana hewa ya bahari huanza kula huko. Washa injini ikiwa baridi, asubuhi, kabla mwenyewe hajaipasha. Ngoja taa ya manjano ya plagi za kupasha dizeli izimike, kisha sikiliza kama silinda zote 5 zinaitika pamoja.

Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo W124 zilizopo Kenya ni hizi hizi tulizonazo, na kila inayokatwa kuwa vyuma chakavu haina mbadala. Langu sasa hutoka mara mbili kwa wiki. Mwezi ujao litawekwa juu kubadilishwa mipira ya vyuma vya nyuma, pande zote mbili kwa pamoja, na spea zimeshafika. Likishuka nitampitia yule mzee nimtembeze mpaka Nyali na kurudi, kwa maana kila Idi tunapokutana msikitini huniuliza mita imefika wapi.