Nilivyojifunza tiba ya miendo ya macho: uzoefu wangu kutoka Malindi

Mimi ni mshauri nasaha hapa Malindi. Tangu mambo ya Shakahola, msitu ambamo waumini walifunga hadi kufa, yalipofichuka 2023, wengi wanaonijia ni watu wasiopata usingizi, wanaoshtuka mlango ukigongwa, wanaosema "bado naiona." Kuwasikiliza peke yake kulikuwa hakutoshi. Ndipo nikalipia mafunzo ya EMDR, tiba ya kiwewe ambapo mtu anakumbuka lililompata huku macho yake yakifuata vidole vya anayemtibu, na gharama yake ilipita mshahara wangu wa mwezi.

Tiba hii ilianzishwa na Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1987, akitembea bustanini, aligundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yanapoteza makali macho yake yanapokwenda huku na huku. Utafiti wake wa kwanza ulitoka 1989, na 2013 Shirika la Afya Duniani likaitaja tiba hii miongoni mwa zile linazozipendekeza kwa wenye kiwewe. Wataalamu wanabishana hadi leo kama nguvu yake iko machoni kweli. Maelezo yanayoniingia mimi ni haya: akili ikifuata kidole huku imeshika kumbukumbu, haiwezi kubeba vyote viwili kwa uzito uleule.

Masomo ya nadharia niliyafuata kwa intaneti, na sina mengi ya kuyasemea. Hatua nane za tiba utazikariri. Thamani ya pesa yangu niliiona kwenye mazoezi ya ana kwa ana, pale mnapotibiana wenyewe kwa wenyewe na kila mmoja analeta jambo lake la kweli.

Mimi nilileta ajali ya matatu niliyoipata miaka kumi na moja iliyopita karibu na Gede. Mwenzangu aliweka kiti chake ubavuni, tukawa kama majahazi mawili yanayopishana. Akaniuliza, toka 0 hadi 10, inakuumiza kiasi gani sasa hivi? Saba. Akainua vidole viwili, piko ya arusi imeanza kufifia kwenye ncha, akavipeleka kushoto na kulia mara ishirini na kitu. "Vuta pumzi. Kumekuja nini?" Harufu ya dizeli tu. "Endelea na hiyo." Duru ya pili shingo ikakaza. Ya nne, akanijia mama mmoja muuza mabuyu aliyekipakata kichwa changu kando ya barabara, akawa ananiuliza jina la mamangu ili nisilale. Nilikuwa nimemsahau kabisa mama yule. Nililia sana. Tulipomaliza, namba ilikuwa mbili.

Lawama yangu ni lugha. Maneno yote ya kumwongoza mgonjwa tulipewa kwa Kiingereza, na nilipouliza ya Kiswahili niliambiwa nitafsiri mwenyewe. Si kazi ndogo. Tiba inadai mtu aseme imani mbaya aliyonayo juu ya nafsi yake. Mswahili aliyefiwa baharini ukimuuliza hivyo atakwambia "ndivyo Mungu alivyopanga," na hilo humnyang'anyi, ndilo linalomshika. Nimejifunza kungoja. Baada ya kimya huja "lau ningemzuia asitoke siku ile," na hapo ndipo tunalifikia lenyewe: kosa ni langu.

Jambo jingine halikufundishwa: mimi ni mwanamke, nimpungie vidole usoni mzee niliyemwamkia shikamoo sasa hivi? Wengine hawana neno, wengine wanainamisha macho, na mwenye kuinamisha macho simlazimishi. Kwa hao natumia kumbatio la kipepeo, lililobuniwa Mexico kwa ajili ya watoto baada ya kimbunga Pauline cha 1997. Mtu anapishanisha mikono kifuani, anajipigapiga taratibu chini ya mabega, kulia, kushoto. Hakuna anayemgusa. Mabibi hulipokea upesi kuliko hata vijana.

Kwa mwenzangu anayefikiria kujiandikisha: ulizia kwanza saa za usimamizi baada ya darasa. Sisi tulipata kumi, na bila hizo ningeumiza watu, kwa sababu nilikuwa na pupa ya kuingia kwenye kumbukumbu kabla mtu hajajua namna ya kujituliza. Msimamizi alinirudisha nyuma mara mbili. Mgonjwa wangu wa kwanza tulikaa wiki tano tunafanya utulivu tu. Mahali pake pa amani alipachagua mwenyewe, chini ya mwembe wa nyanyake, na wiki ya sita ndiyo nikainua vidole.