Kikagua Tahajia cha Kiingereza Mbele ya Maneno Yenye Sauti Moja

Niliandika barua ya maombi kwa mkuu wa chuo kwa Kiingereza, nikaipitisha kwenye kikagua tahajia cha programu yangu ya kuandikia, na kwa kuwa hakuna hata mstari mmoja mwekundu uliojitokeza, nikaituma. Siku mbili baadaye nilipoisoma tena niligundua kwamba nilikuwa nimemwita mkuu huyo "principle", yaani kanuni, badala ya "principal". Maneno hayo mawili hutamkwa sawasawa na yote yamo katika kamusi, hivyo chombo hakikuona kosa lolote. Tangu hapo nimekitumia kwa miezi mitatu nikiwa na swali moja: kinamfaa kiasi gani mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, anapokutana na homofoni, yaani maneno yenye sauti moja lakini tahajia na maana mbalimbali?

Sisi tuliozoea Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuuliza hivyo. Kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka, maneno yetu yanayofanana kwa sauti hufanana pia kwa maandishi: kaa la moto, kaa wa pwani na kitenzi cha kukaa vyote huandikwa kwa herufi zilezile, na muktadha humwongoza msomaji. Kiingereza humtaka mwandishi mwenyewe achague umbo kabla msomaji hajaona chochote. Sauti moja tu hugawanyika kuwa "write", andika. "Right", sahihi, haki au kulia. Na "rite", kaida ya ibada.

Vikagua tahajia vya zamani vililinganisha kila neno na orodha, na lililokuwamo likapita. Hiki ninachokitathmini hutazama pia maneno jirani, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Nilipoandika "a peace of paper" kilitambua mara moja kwamba karatasi haina amani bali ina kipande, kikapendekeza "piece". Nilipoandika "bare with me", maneno ambayo yangemwalika msikilizaji avue nguo pamoja nami, kilinirudisha kwenye "bear with me", yaani naomba univumilie. Kwa "their", "there" na "they're" kilikosea mara chache sana, na kwa jambo hilo peke yake ninakishukuru.

Udhaifu hujitokeza pale ambapo maneno yote mawili yanaingia vizuri katika sentensi. Nilipoandika kwamba rangi ya pazia "compliments" rangi ya ukuta, kilinyamaza, ingawa nilikusudia "complements": inaikamilisha, si inaisifu. Mfano mgumu zaidi ni "two discreet meetings", mikutano miwili ya faragha, ambayo kwa kubadilisha mahali pa herufi moja inakuwa "two discrete meetings", mikutano miwili inayojitegemea. Hapo anayejua ukweli ni mwandishi peke yake, wala siwezi kukilaumu chombo kwa kutosoma mawazo yangu. Ninachokilaumu ni ukimya wake, kwa sababu kingeweza kuuliza tu: ulimaanisha lipi kati ya haya?

Lalamiko langu kubwa, hata hivyo, linahusu maelezo. Kinapopendekeza neno, hulitoa bila kusema kwa nini, ilhali sababu ndiyo inayolifanya likae kichwani. Herufi k ya "knight", shujaa wa farasi, ilikuwa ikitamkwa zamani. Sauti yake ilipotea lakini maandishi yakaihifadhi, na ndiyo inayomtofautisha shujaa huyo na "night", usiku. "Meat" na "meet", nyama na kukutana, zilikuwa na irabu tofauti kabla matamshi ya Kiingereza hayajabadilika. "Flour", unga, na "flower", ua, yalikuwa neno moja, kwa maana unga laini ulihesabiwa kuwa ua la nafaka, sehemu yake bora kabisa, na hata kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilikuwa bado haijayatenganisha. Mtu akielezwa hivyo mara moja, hatahitaji mstari mwekundu tena.

Sehemu ya kuandika kwa sauti haikuniridhisha. Matamshi ya Kiingereza hayafanani kila mahali: "caught" na "court" hulingana kabisa katika midomo ya watu wengi wa London, lakini Mskoti, anayeitamka r, huzitenganisha bila shida. Nasi wenye irabu tano tunaongeza jozi zetu wenyewe, kwa kuwa "ship" na "sheep", meli na kondoo, hutoka kinywani kwa sauti moja ingawa kwa Mwingereza si homofoni hata kidogo. Nilisema ninaishi hapa, "I live here", nikaandikiwa "I leave here", ninaondoka hapa, na kwa kuwa sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, haikupigiwa mstari wowote.

Kwa hiyo nimekiacha kifanye kazi, lakini nimezima sehemu inayobadilisha maneno yenyewe bila kuuliza, kwani iliwahi kuigeuza "complement" iliyokuwa mahali pake. Ushauri wa kawaida wa kusoma barua kwa sauti kabla ya kuituma hausaidii hapa, maana sikio ndilo linalodanganyika. Nimefungua daftari la jozi zinazonitatiza, na kabla ya kutuma barua yoyote natafuta kila neno la daftari hilo ndani yake, nikilisoma kwa macho, herufi baada ya herufi, kamusi ikiwa wazi pembeni.