Umeme wa jua: paneli za angani au za ardhini?
Nje ya angahewa, kila mita ya mraba hupokea takribani wati 1,361 za jua. Mawingu hakuna, na katika obiti (njia ya kuizunguka Dunia) iliyo kilomita 35,786 juu, giza ni nadra. Ardhini, jua la utosi hutoa kama wati 1,000, kisha usiku unaingia. Ndiyo maana wazo la mhandisi Peter Glaser la mwaka 1968, la kukusanya umeme wa jua angani na kuuleta duniani, bado linavutia. Lakini umeme huo lazima ugeuzwe kuwa maikrowevu (mawimbi kama ya redio), urushwe, unaswe na antena pana mno, kisha ugeuzwe tena; kila hatua hula sehemu yake. Jaribio la 2023 la Caltech, chuo kikuu cha Marekani, lilifikisha duniani nguvu kidogo sana. Na paneli ya paani ikiharibika, fundi hupanda ngazi tu. Kwa sasa nachagua ardhini, pamoja na betri za kuvukia usiku.