Uzoefu wangu na darasa la bridge Lubumbashi: karata zetu zilizolewa kabla ya kuchezwa

Dola 30 kwa mwezi, chai na mandazi humo humo. Kwa pesa hiyo nilitegemea mambo mawili: nifundishwe bridge, ule mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, na niheshimiwe kama mtu mzima anayelipa. La kwanza nimelipata nusu. La pili nitawaeleza, maana mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Darasa liko mtaa wa Golf, chumba cha nyuma cha mgahawa, saa za jioni. Jina la mwalimu nalihifadhi. Ilikuwa majira ya baridi, yale ya vumbi, kila mtu na sweta yake. Mwenzangu mezani alikuwa Papa mmoja mstaafu wa mgodini, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akishinda. Akafungua matangazo: kopa moja. Katika mfumo tunaofundishwa, ule wa Wafaransa, anayefungua kwa kopa au shupaza anakuahidi kwamba anazo 5 au zaidi. Mpinzani akapita. Mimi mkononi nina kopa 5 zenye mfalme, uru moja tu, tena ile nne, shupaza 3 za bure, na pao 4 zenye malkia. Sikusita, nikatangaza kopa nne, yaani kuahidi kwamba kopa zikiwa turufu tutakula mizunguko 10 kati ya 13.

Kwa wasiojua, hilo si tangazo la majivuno. Ukimrukisha mwenzako kutoka moja hadi nne kwa mkupuo, unamwambia: turufu ninazo tele, ila usitegemee asi kutoka kwangu. Mwenye pointi 13 kwenda juu, kwa hesabu ya karata kubwa mkononi, hapandishi hivyo, anazunguka kwanza ili mwenzake ajue kuna mali. Mwenye turufu 3 na pointi 6 hadi 10 anapandisha hadi mbili. Mwenye turufu 4 na pointi 11 au 12 anafika tatu. Hayo ya mbili na tatu yako kwenye karatasi aliyotugawia mwalimu mwenyewe. Kilichokosekana ni mstari wa mwisho: turufu 5, aina moja karibu tupu, pointi chache, ruka hadi nne. Sijui kwa nini mstari huo haumo, na sasa nashuku.

Basi wote wakapita, mpinzani akaanza na shupaza. Katika bridge mwenzake mchezaji huitwa mfu, analaza karata zake wazi mezani na kunyamaza. Nikazilaza. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainama, akagusa mfalme kwa kidole: "Tatu." Akagusa malkia: "Mbili." Halafu kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni:

"Mama, uko na pointi tano! Unakimbilia wapi? Hii si bridge, hii ni kamari."

Meza ya jirani wakacheka. Nikamwambia kwa adabu, "Mwalimu, turufu zetu ziko kumi. Mwache Papa acheze, tuone."

"Hakuna cha kuona. Tutacheza ingine."

Akazoa karata. Zangu kwanza, kisha za wapinzani, kisha akanyoosha mkono akazitoa zile za Papa vidoleni mwake, mzee wa umri ule, akazichanganya zote pamoja. Papa alibaki na mkono wazi hewani. Mimi nililelewa katika nyumba ambapo mtu mzima hanyang'anywi kitu mkononi, hata kiwe kijiti. Kosa la kutangaza, hata lingekuwepo, lisingefikia hilo.

Na halikuwepo! Papa ana kichwa cha zamani, alizikumbuka zake zote. Tulipotoka tukazipanga upya juu ya boneti ya gari lake, tukimulika kwa simu maana umeme ulikuwa umekatika. Alikuwa na shupaza 2 zenye asi, kopa 5 zenye asi na malkia, uru 4 zenye asi, pao 2 ndogo. Kopa za wapinzani ni 3 tu. Zikigawanyika mbili kwa moja, na mara nyingi ndivyo zinavyogawanyika, mizunguko 2 inazimaliza, na kwangu turufu 3 bado zipo. Papa anakula asi ya uru, uru zake 3 zinazobaki nazikata mimi, na yeye anakata shupaza na pao zangu. Tunapoteza shupaza 1 na pao 2, basi. Mizunguko 10 kamili. Hiyo ni alama 420, ilhali tungebaki kwenye kopa mbili tukala kumi zile zile, ni 170. Na tungepungukiwa mmoja kwenye nne? Hasara 50.

Tena wale wapinzani walikuwa na pointi 21 kati ya 40, na shupaza 8. Ningepandisha hadi mbili kwa upole, wangeingia kwa raha zao. Nne inawafungia mlango.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba bwana huyu kila kukicha ni Ufaransa hivi, Ufaransa vile. Ni Mfaransa, Jean-René Vernes, aliyeeleza katika miaka ya 1960 kwamba jumla ya mizunguko ambayo kila upande ungekula ukifanya turufu ile aina iliyo nyingi zaidi kwake hukaribia jumla ya turufu za pande zote mbili. Ndiyo maana wenye turufu 10 wanathubutu kuahidi mizunguko 10 hata pointi zikiwa haba. Kuna mikono ambayo hesabu hiyo inakosea, nakubali. Ila kumcheka anayeifuata ni jambo jingine.

Haya, niwe mkweli. Kwenye kuzicheza karata zenyewe, mtu huyu sijaona mfano wake. Jioni moja alitusimamisha kabla hatujagusa karata hata moja, akatuuliza kila mmoja wetu atakula wapi na atapoteza wapi, na hakuturuhusu kuanza mpaka tulipojibu. Tangu hapo nacheza kama mtu mwingine. Kwa hiyo anayeanza kabisa, asiyejua turufu ni nini, ningemwambia aende.

Ningemwambia. Lakini juma lililofuata nilimpelekea mkono ule wote nimeuandika, na hesabu chini. Akautazama chini ya dakika moja, akanirudishia: "Bahati, Mama." Bahati! Pole kwa Papa haikutoka. Basi hapana, msiende, au nendeni mkiwa na ngozi ngumu.

Papa hakurudi tena. Jumapili tunacheza kwake Kampemba na majirani zake wawili, bila malipo, na ninapandisha kopa ninavyotaka. Tatizo ni kwamba wote wanne hatujui kujilinda wapinzani wanapocheza, na mjini sijapata mwingine wa kutufundisha. Mwezi ujao nimeshaulipia. Msiniulize.