Prizimu ya kubandika kwenye miwani: nzuri sana, chanzo kikishajulikana

Ni kipande cha plastiki laini chenye unene wa milimita 1 hivi, kimechorwa mistari sambamba ambayo huioni vizuri mpaka ukielekeze kwenye mwanga. Hubandikwa nyuma ya kioo cha miwani kwa maji matupu. Nguvu zake huanzia dayopta 1 hadi 40, na kila dayopta husogeza taswira sentimita 1 kwa umbali wa mita 1. Kwa mtu anayeona ngazi mbili kila anaposhuka, kifaa hiki ni nafuu ya siku hiyohiyo.

Ubaya ni kwamba nafuu hiyo huwafanya wengi waache kutafuta chanzo cha kuona viwili. Kabla hujabandikiwa, ziba jicho moja, kisha la pili. Ukiona viwili hata kwa jicho moja tu, kasoro imo ndani ya jicho hilo: astigmatizimu (uso wa jicho usiopinda sawasawa), mtoto wa jicho, au ukavu. Hapo prizimu ni hela ya bure. Chungulia kwenye tundu la sindano ulilotoboa karatasini. Picha ikitulia, anza na kupimwa miwani.

Vikiungana ukiziba jicho lolote, macho hayaelekei pamoja. Viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, vikiachana zaidi ukitazama mbali, huashiria udhaifu wa neva ya sita, inayolielekeza jicho upande wa nje. Kwa wenye kisukari au presha mara nyingi hupona ndani ya miezi 3 hivi. Hali ikizidi jioni na kope likilegea, mpimaji aweke barafu juu ya kope lililofungwa kwa dakika 2: likinyanyuka milimita 2 au zaidi, myasthenia (ugonjwa wa misuli kuchoka upesi) inashukiwa. Macho yakitokeza, pimeni tezi ya shingo. Lakini kope likianguka ghafla na mboni ikapanuka, tafadhali usiende kwa fundi miwani, nenda hospitali saa hiyohiyo, maana huenda mshipa wa damu uliovimba ubongoni unaibana neva ya tatu, inayonyanyua kope.

Kwenye kubandika, kosa kubwa ni kugeuza. Jicho lililovutwa ndani linataka upande mnene (kitako cha prizimu) uelekee sikioni; ukielekea puani, picha zitaachana zaidi. Upande laini ndio unaogusa kioo. Kata kwa kufuata umbo la kioo, bandika ndani ya maji ya uvuguvugu, kisha sukuma mapovu kwa kidole gumba kutoka katikati kwenda pembeni.

Kuanzia dayopta 15 hivi herufi hufifia na taa huota kingo za rangi. Vumbi hujaa kwenye mistari. Tumia mswaki laini na maji. Ukitazama pembeni, viwili vinaweza kurudi, kwa hiyo geuza kichwa.

Kwa kuwa hubanduka, inafaa hasa miezi ya kusubiri, wakati pembe ya macho kupishana bado inabadilika. Prizimu ya kusagwa ndani ya kioo iagizwe vipimo vikishatulia kwa miezi kadhaa.