Semina ya Kiingereza cha darasani: niliuliza swali moja, nikaambiwa nikae

Nianze na lililonikera, maana hata nikilisogeza mwisho litapenya tu. Siku ya kwanza, kabla ya chai, mwezeshaji aliandika ubaoni "Would you mind opening the window?" akatuambia hiyo ndiyo amri yenye adabu, tukaitumie kuanzia darasa la tatu. Nikanyoosha mkono, nikauliza mtoto atajibu "yes" au "no". Akacheka. "Mwalimu wa Kiingereza unauliza hilo? Hebu kaa, usiwapotezee wenzako muda." Anatufundisha adabu ya Kiingereza, ya Kiswahili kaiacha nyumbani.

Na swali lenyewe halikuwa la kipuuzi. "Mind" hapo ni kuona vibaya, kukereka. Anayekubali kufungua dirisha anajibu "No, not at all", yaani sioni vibaya hata kidogo. Akijibu "Yes" amekataa. Mtoto wetu anasikia ombi, na ombi kwa Kiswahili unalipokea kwa ndiyo, basi anasema "Yes, teacher" kwa heshima zote, kumbe amegoma bila kujua. Tena huyo ni yule aliyeelewa. Wengi wameshika neno moja tu, "window", wanageukia dirishani kama kuna mgeni kapita. Unarudia mara ya pili, ya tatu, mwishowe unanyoosha kidole, na dakika 2 kati ya 40 za kipindi zimetokea hukohuko dirishani. "Open the window, please" ni maneno manne na tendo limekaa mbele kabisa. Adabu imo kwenye "please" na kwenye sauti. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga mbinu nzima juu ya amri fupi za namna hii: mwalimu anaamuru na kutenda, wanafunzi wanatenda, wala hakuna anayelazimishwa kusema mpaka sikio lizoee. "Stand up." "Touch the door." Huoni "would" wala "mind" hapo.

Ugonjwa huohuo umo kwenye kijitabu walichotuuzia. Kuna ukurasa mzima wa maswali ya kukanusha: "Don't you understand?" "Haven't you finished?" Yamepangwa vizuri, yamekolezwa wino, na ni mtego mtupu. Muulize mtoto "hujaelewa?" atakujibu "ndiyo", maana yake ndiyo, sijaelewa, ndiyo yetu inakubaliana na kauli ya muulizaji. Kwa Kiingereza "Yes" pale inasema nimeelewa. Mtoto amekiri kwamba hajaelewa, wewe umesikia kwamba ameelewa, unachukua dasta unafuta ubao. Dawa yake si somo la sarufi, ni kuliacha swali la kukanusha kabisa. Sema "Have you finished?" au bora zaidi "Put your hand up if you need more time." Mkono hauna ndiyo wala hapana za kuchanganya.

Sasa niwe mwadilifu, ingawa sina hamu. Kuna ukurasa mmoja katika kijitabu hicho ambao peke yake unastahili bei ya kijitabu chote. Unahusu namna ya kuhakikisha kwamba maelekezo yamefika, na unakataza "Do you understand?" pamoja na ile yetu ya Afrika Mashariki, "Are we together?" Sababu inajulikana na kila aliyeshika chaki: darasa zima linavuta "Yeeees, teacher!" hata waliosinzia. Badala yake unauliza kuhusu kazi yenyewe, swali ambalo jibu lake ni neno moja. "Are you writing or talking?" "How many sentences?" "Alone or with a partner?" Uliza, nyamaza kama sekunde tatu hivi, ndipo utaje jina. Ukilitaja jina kwanza, wengine wote wameshalala. Na umtaje wa dawati la nyuma, si yule wa mbele anayejua kila kitu. Akikosea, umegundua kabla watoto 80 hawajafanya zoezi ambalo hukuwapa.

Nikawa naanza kuwasamehe. Halafu nikafika penye kazi za wawiliwawili.

"Work in pairs." Basi. Hakuna zaidi. Aliyeandika hajawahi kuona dawati letu lenye watoto watatu na kitabu kimoja katikati. Ukisema "pairs", wawili wanageukiana, wa tatu anachungulia nje, na wa tatu huyo mara nyingi ndiye mnyonge zaidi. Walichopaswa kutupa ni "Work in threes" na "One book for three. Put it in the middle." Ukitaka makundi ya sita, anza na madawati ya mstari wa kwanza: "Front row, stand up. Turn round. Face the desk behind you." Kisha mstari wa tatu ugeukie wa nne, na kuendelea. Jihadhari na "turn round" na "turn over", zinafanana masikioni. Utakuta nusu wamegeuka na nusu wanafunua ukurasa. Onyesha kwa mwili wako mara moja kabla hujasema lolote, na anza na dawati moja la mfano huku wengine wanatazama.

Mpangilio wa maelekezo nao wameutupa vipande vipande katika kurasa tatu tofauti. Kwa kweli unakaa hivi: "Pens down. Look at me", na usiendelee mpaka mstari wa mwisho umetulia. Hatua moja, sentensi moja. Mfano na mtoto mmoja mbele ya wote. Maswali mawili ya kuhakiki. Kisha "You have five minutes. Start now." Karatasi zinagawiwa mwisho kabisa, kwa "Take one and pass them back." Ukizigawa mwanzo, hakuna atakayekusikiliza tena, kila jicho liko kwenye picha. Na kila maelekezo yakiishia na "okay?" unafungua mlango wa "Yeeees" nyingine.

Kuhusu makosa ya tafsiri, kijitabu kimepita mbio. "Borrow me your pen" haitoki kwa uzembe: kuazima kwetu kunaenda pande zote mbili, anayetoa na anayepokea, Kiingereza kimeweka maneno mawili, "borrow" la anayepokea na "lend" la anayetoa. Kwa darasa la tatu fundisha moja tu, "Can I borrow your pen?", na "lend" iachwe mpaka ile ya kwanza imeshika. "Explain me", badala ya "explain to me", inatoka kwenye nieleze. "Discuss about", ambapo "discuss" peke yake inatosha, tunayo hata sisi walimu, nami ninajihesabu. Yeye yetu haibagui, basi "Who can help him?" inasemwa mbele ya msichana, na darasa linaiokota jinsi ilivyo.

Lakini upungufu mkubwa ni huu: sentensi zaidi ya 300 za mwalimu, za mwanafunzi hakuna hata moja. Mazungumzo gani hayo ya mtu mmoja? Shule nyingi za msingi za serikali Tanzania Bara zinafundisha kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza mambo yanageuka Kiingereza. Mtoto asiyeweza kuomba arudiwe maelezo ataishia kunakili ubao tu. Chukua karatasi ya manila na kalamu ya wino mzito, andika sentensi chache, bandika juu ya ubao ambapo dasta haifiki: "May I come in?" "May I go out, please?" "I don't understand." "Can you say that again, please?" "How do you say hili in English?" "I've finished." Hiyo "hili" iache hivyohivyo, wataweka neno lao. Wa kwanza atakayesema "Teacher, I am asking to go out", naomba iliyotafsiriwa neno kwa neno, usimkaripie. Nyoosha kidole kwenye manila, asome, aende zake.

Nyota? Asubuhi ya siku ya pili ningewapa tatu, kwa sababu ya ule ukurasa. Baada ya "pairs" zikawa mbili. Nikikumbuka kile kicheko, sijui hata kama nina ya kutoa. Ila nisidanganye, ukikuta kijitabu kwa mwenzako, piga picha ukurasa wa maswali ya kuhakiki, mengine mwachie.

Mwisho wa semina tuligawiwa fomu ya maoni. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, imeandikwa "Would you mind giving us your comments?" Nikaandika "Yes", nikaikunja, nikamrudishia mwezeshaji. Akanishukuru.